Sehemu Niliyoiruka

Kosa langu nililifanya kwa mdomo, msibani, mbele ya watu, na shangazi yangu akiwa ndani ya nyumba anasikia kila neno. Kwa miaka mingi, kila nilipojaribu kulisema nilijikuta nalipunguza: mara nasema vijana walinielewa vibaya, mara nasema zilikuwa nyakati mbaya na vifo vilikuwa vimetuzidi. Leo nalisema lilivyo.

Ulikuwa msiba wa baba yangu mdogo, hapa Dadamu nchini Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla mji wetu wa Arua haujafanywa jiji. Kwetu watu hulala msibani. Wanawake hukaa ndani na barazani karibu na wafiwa, wanaume hukaa nje kuzunguka moto, na kwa kuwa usiku ni mrefu watu hutafuta la kuwaweka macho. Walikuwepo wakwe waliovuka mpaka kutoka Aru na Ariwara, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo wengi wetu tuliiokota huko huko Zaire tulikokimbilia mwishoni mwa 1980, jeshi lilipotushukia baada ya Rais Idi Amin kuanguka. Mimi nilikuwa mwalimu wa fasihi. Wakaniambia, "Mwalimu, tupe hadithi ya vitabuni."

Nikawapa Dracula.

Riwaya hiyo ya Bram Stoker, Mwairishi, ilitoka mwaka 1897, nami nilikuwa nimeifundisha mpaka naijua karibu yote. Nikawaeleza kijana mwanasheria, Jonathan Harker, anavyosafiri kwenda kwenye ngome ya Transylvania na kukuta mwenyeji wake hali chakula wala haonekani kwenye kioo. Nikawaeleza jinsi mzee huyo anavyolala mchana ndani ya sanduku la udongo na kuamka jua likizama, na jinsi Harker alivyolifunua sanduku siku moja akamkuta amerudia ujana, mvi zimepungua, damu ingali midomoni. Nikafika kwa Lucy, msichana aliyeishiwa damu usiku baada ya usiku. Wanaume wanne walikunja mikono ya mashati wakamtolea damu yao, na bado akafa, akaamka kaburini na kuanza kuwavuta watoto wadogo kwenda naye gizani. Mchumba wake mwenyewe ndiye aliyempigilia mti moyoni.

Nilikuwa msimulizi mzuri. Nilijua pa kushusha sauti. Milima ya Ulaya niliigeuza nikaiweka karibu na mlima Wati, na makaburi ya London nikayasogeza hadi ng'ambo ya mto Enyau, watu waone kwa macho yao. Nilipofika kwenye kulala mchana na kukesha usiku, kijana mmoja akasema polepole, "Kama yule wa Shangazi."

Hakuna aliyecheka. Wote tulijua anamsema nani. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, au kuinuka na kumjibu yule kijana. Niliendelea kusimulia, na nakiri kwamba niliendelea kwa raha, kwa kuwa niliona sasa wamekaza macho kunitazama.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Mumewe alipofariki alirudi nyumbani kwa kaka zake, akajengewa nyumba pembeni mwa uwanja. Alikuwa amezika wanawe wote wanne. Wa kwanza alikufa kwa surua ukimbizini, mwingine kwa ajali ya lori, mwingine alirudishwa kutoka Kampala akiwa mifupa mitupu, ugonjwa ambao miaka ile hatukuutaja jina. Wa nne ndiye yule aliyetajwa kando ya moto. Huyo aliugua malale. Wakimbizi waliporudi makwao katikati ya miaka ya 1980 malale yalienea upya upande wetu wa Nile, na ugonjwa huo, ukishafika kwenye ubongo, humgeuzia mtu saa zake: analala mchana amekaa na chakula mkononi, usiku anazunguka uwanjani, anaongea peke yake, anawatukana aliowapenda. Watoto walimwogopa. Alipopelekwa kutobolewa uti wa mgongo, ili majimaji yake yapimwe, tulikuwa tumechelewa. Mbung'o alikuwa amemwachia vimelea muda mrefu kabla mtu yeyote hajajua.

Mimi nilijua haya yote. Nilikuwa nimesoma, na nilikuwa nimemshika mkono kijana yule tukimpeleka. Msibani, neno moja tu kutoka kwangu lingetosha: kwamba yule alikuwa mgonjwa wa malale. Sikulitoa. Niliiacha hadithi ikae juu ya mwanawe, na kutoka kwa mwanawe ipande hadi kwake, mama aliyebaki hai wakati vijana wote wanakwenda.

Tena kuna sehemu niliyoiruka, na hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi.

Ndani ya kitabu, baada ya Lucy kuuawa, Dracula anamvamia Mina, mke wa Harker. Anamnywa damu, kisha anamlazimisha naye anywe damu kutoka kifuani pake. Tangu hapo wawili hao wamefungwa: akili ya mwanamke inasikia aliko adui yake, na mkate wa sakramenti unapomgusa kwenye paji la uso unamchoma na kumwachia alama. Mina ana haki ya kumchukia mnyonya damu kuliko wote. Lakini wanaume wanapojiandaa kwenda kumwua, yeye ndiye anayewaambia kwamba kazi hiyo isiwe ya chuki. Anawaomba waione roho ile iliyoleta taabu zote kuwa ndiyo yenye kusikitisha kuliko zote, na wamhurumie hata kama itawabidi wamwangamize. Mumewe anakasirika. Naye anamjibu kwamba huenda siku moja yeye mwenyewe, kwa kuwa sasa ana damu ile ndani yake, akahitaji huruma hiyo hiyo. Na mwishoni, kisu kinapoingia, Mina anaona usoni mwa yule mzee amani ambayo hakuitarajia.

Bila sehemu hiyo kitabu ni hadithi ya kuwinda mnyama. Sehemu hiyo ndiyo inayouliza kama aliyeharibika bado ni mtu, na kama waliofungwa naye kwa damu wanaweza kumkana. Niliiruka kwa sababu inachelewesha. Hata darasani nilizoea kuipita haraka. Wasikilizaji walitaka mti na moyo, nikawapa mti na moyo.

Kulipokucha watu walitawanyika. Baada ya hapo vijana walianza kumwita Shangazi "Drakula", kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Watoto waliokuwa wakimchotea maji wakakatazwa na mama zao. Akipika, chakula chake kinabaki. Maneno yakarudi kwenye njia tunayoijua sote huku kwetu, kwamba fulani ana sumu, na aliyepewa jina la sumu hana pa kujitetea, kwa sababu kila mwenye kufa anakuwa shahidi dhidi yake. Umri wake ulikuwa ushahidi. Meno yake yaliyokuwa hayajang'oka yalikuwa ushahidi. Nilisikia mtu mzima, baba wa watoto, akiuliza inakuwaje mwanamke azike wanne na yeye aendelee kulima.

Kisha mtoto wa jirani akaugua malaria, akaishiwa damu, midomo ikawa myeupe. Hospitalini wakaambiwa damu ya kuongezewa inahitajika na ndugu wajitokeze watoe. Tulikuwa wanaume wengi kwenye ule uwanja. Wengine walisema damu ikitolewa inauzwa, wengine walisema hawawezi kutoa yao ikaishia kwa yule bibi. Wanaume wanne wa hadithi yangu walimpa Lucy damu yao katika kitabu kilichoandikwa kabla binadamu hawajajua kuna makundi ya damu, maana Landsteiner aliyagundua miaka michache baadaye. Walitoa bila kujua kama itamfaa au itamwua. Sisi tulikuwa na maabara na watu wa kutupima. Mimi nilikuwepo, na sikukunja shati. Mtoto alikufa kabla ya jioni.

Usiku ule ghala la Shangazi lilichomwa, likiwa na mtama wa mwaka mzima.

Wazee wakakaa chini ya mwembe, na kwa kuwa nilikuwa msomi wa ukoo wakaniuliza naonaje. Nilisema, "Labda Shangazi akapumzike kidogo kwa jamaa wa Koboko, mpaka watu watulie." Niliyasema kwa upole, kwa Kilugbara kizuri, lugha yetu, na kila mtu akashusha pumzi kwa kuwa jambo limepatiwa jina la heshima. Kwa kweli ilikuwa hukumu ya kufukuzwa. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika kesi ya Salvatori Abuki, aliyehukumiwa kwa uchawi na kuamriwa asikanyage kwao miaka 10, ilitamka kwamba kumfungia mtu nje ya ardhi inayomlisha ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo mwaka 1999. Kwa hiyo hata serikali, pamoja na Sheria yake ya Uchawi ya mwaka 1957, ilikuwa imezuiwa kufanya nililolifanya mimi kwa sentensi moja. Uamuzi huo nimekuja kuusoma baadaye. Ila sitajificha nyuma ya kutojua, kwa maana sikuhitaji mahakama kuniambia kwamba yule ni dada wa baba yangu. Niliogopa kuonekana namtetea. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine.

Na mimi nilikuwa najua uchungu wa kuitwa mla watu. Nilipokwenda kusoma Kampala, watu walisikia natoka Arua wakaniuliza kama ni kweli sisi watu wa Amin tunakula watu. Dunia nzima ilikuwa imesimuliwa kwamba rais kutoka Koboko anaweka vichwa kwenye jokofu, na wenye kusimulia hawakujali hadithi hiyo inamwangukia nani. Tarehe 24 Juni 1981, pale misheni ya Ombaci, kilomita chache tu kutoka mjini, wanajeshi waliwapiga risasi raia waliokuwa wamejihifadhi kwa mapadre, wakiwemo wanawake na watoto. Kuua namna hiyo huwa rahisi zaidi pale wanaouawa wamekwisha kuitwa wala watu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikuwa nimechomwa na mkuki huo huo, nikauokota na kumchoma nao shangazi yangu.

Hata hadithi za wanyonya damu za Afrika Mashariki zingenionya, kama ningezisikiliza vizuri. Bibi na babu zetu wa Kampala, Nairobi na pwani walisimuliana habari za mumiani na wazimamoto, watu wenye magari na sare wanaokamata wapita njia na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 2000, na ukizisoma unaona zinaelekea upande mmoja: wanaosemwa ni wenye nguvu, wa serikali ya kikoloni na wafanyakazi wake. Mnyonge anamsema mwenye gari. Dracula mwenyewe ni lodi, ana ngome, ana dhahabu ya zamani, ananunua majumba London kwa kutumia wanasheria. Mimi niliigeuza hadithi ikatazama chini. Nilimtwika umwinyi wa Transylvania mwanamke mwenye jembe moja na ghala moja.

Halafu kuna Dribidu. Kila Mlugbara aliyekaa na wazee amesikia habari zake, na John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliziandika. Dribidu alikuwa na nywele mwili mzima, na aliitwa mla watu, kwa kuwa huko alikotoka, ng'ambo ya mashariki ya Nile, aliwala watoto wake mwenyewe mpaka akagunduliwa na kufukuzwa. Akavuka mto akaja huku. Yeye na mwenzake Jaki wakakutana na wanawake wenye ukoma waliokuwa na moto, wakawaponya, wakazaa nao, yakaja madai ya mahari, zikaja vita na mapatano, na humo ndimo koo zetu zilimotoka. Jaki yuko mlima Liru, upande wa Koboko, na Dribidu yuko Wati. Basi babu yetu tunayejivunia ndiye mla wanawe. Wazee hawakuificha sehemu hiyo. Waliisimulia, kisha wakasimulia jinsi alivyofungwa na watu, kwa ndoa na madeni ya mahari na watoto, mpaka akawa mtu. Stoker anajua dawa moja tu ya mnyonya damu, nayo ni kumwua. Masimulizi yetu yana dawa ya pili, na usiku ule msibani, katika nchi ya Dribidu mwenyewe, sikuikumbuka.

Nilipanda kwenda Koboko mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Shangazi alikuwa kwa mjukuu wa dada yake, amekaa kwenye mkeka anamenya karanga. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda tangu zamani, akikibonyeza kwenye ganda linapasuka upande mmoja tu, anamalizia kwa meno. Aliniuliza habari za kila mtu nyumbani, kwa majina, hata wale waliochoma ghala lake. Kisha akauliza, "Mwanangu, yule mzee wa hadithi yako, aliwahi kuzika mtoto?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Kitabu kizima hakisemi?"

"Hakisemi, Shangazi."

Akaendelea kumenya. Kwa hiyo alikuwa amesikia yote usiku ule, na kati ya yote yaliyomo aliona pengo ambalo mimi sikuliona kwa miaka ya kukifundisha. Dracula ameishi karne nyingi, na kitabu hakitupi jina la mtu hata mmoja ambaye amemlilia. Uzima wake hauna majina ndani yake. Sisi tunauogopa uzima usiokwisha tukidhani ni wizi, kwamba mwenye nao amewanyang'anya wengine. Kwa Shangazi kuishi kulikuwa ni kubaki na majina ya wanne ambayo hakuna mwingine aliyeyataja. Kwetu mtu anaendelea kuwepo kwa wale wanaomtaja, watoto na watoto wa watoto, na mwanamke aliyezika wanawe wote anajua kwamba siku akifunga macho yeye, na wao wanafungiwa mlango mara ya pili. Alikuwa anaishi kwa niaba yao. Sisi tukasema anawala.

Baadaye nilisoma kwamba Anne Rice, mwandishi wa Marekani, alimzika binti yake Michele mwaka 1972, mtoto ambaye hakufika miaka sita, kwa saratani ya damu. Kitabu chake cha wanyonya damu, Interview with the Vampire, kilitoka mwaka 1976, na ndani yake mna Claudia, mtoto wa kike aliyefanywa mnyonya damu akiwa mdogo, ambaye akili inakua na mwili unabaki ule ule, na wanaume wawili wanaomlea wanampenda na kumharibu kwa pamoja. Nilipojua hayo nilifunga kitabu nikatoka nje. Mama aliyefiwa aliandika habari za damu na uzima ili akae karibu na mtoto wake. Mimi nilichukua hadithi za aina hiyo hiyo nikamfukuzia mama aliyefiwa.

Limebaki moja, nalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipoaga Koboko, Shangazi alinifungia karanga kwenye kitambaa nipeleke kwa watoto. Kabla ya kufika Arua nilimwomba mwenye bodaboda asimame, nikaingia vichakani, nikazimwaga. Mimi, mwalimu, niliyejua malale ni nini na malaria ni nini. Mkono wangu ulizimwaga. Watoto niliwaambia Bibi anawasalimu.

Nilirudi tena kumwona, na mara hizo nilikula alichonipa. Sikumwomba msamaha kwa maneno, kila mara nikiona bado kuna wakati. Alifariki Koboko na akazikwa huko huko, kilomita 50 na kitu kutoka kwenye uwanja alikozaliwa, na kutoka Dadamu tulikwenda wachache.

Nyinyi mliokesha msibani usiku ule, na nyinyi wa Aru na Ariwara mliovuka mpaka kuja kuzika nasi: hadithi niliyowapa ilikuwa pungufu, na upungufu niliutia mimi. Shangazi hakumdhuru mtu. Mwanawe alikufa kwa malale, na mtoto wa jirani alikufa kwa malaria na kwa damu tuliyomnyima. Nimeanza kuwafuata wazee wa ukoo mmoja mmoja, nikiomba matanga yake yafanyike Dadamu, kwenye uwanja alikofukuzwa, na majina ya wanawe wote wanne yatajwe pamoja na lake. Gharama ni zangu. Mwenye neno aje anione, nyumbani kwangu mnapajua.